Kurudi Huanza Unapotoka: Mbinu za Njia kutoka kwa Sisimizi wa Jangwani

Karibu na mji wa Maharès, pwani ya mashariki ya Tunisia, kuna nyanda za chumvi zilizo tambarare kabisa, hazina mti wala kichaka. Saa za jua kali, wanyama wengi wakiwa wamejificha, sisimizi wa jamii ya Cataglyphis hutoka tunduni mmoja mmoja kutafuta wadudu waliouawa na joto. Huzunguka huku na huku, wakati mwingine mamia ya mita. Akishapata mzoga wa nzi, sisimizi huyu hafuati tena ule mzunguko wake. Hugeuka na kurudi kwa mstari ulionyooka hadi kwenye tundu ambalo mtu angelipita bila kuliona. Hana harufu ya kufuata, kwa sababu kila mmoja huwinda peke yake na ardhi yenye joto kali namna ile haitunzi harufu ya njia. Anategemea macho yake na miguu yake.

Rüdiger Wehner wa Chuo Kikuu cha Zurich alianza kuwachunguza sisimizi hao huko Maharès mwishoni mwa miaka ya 1960, na kazi hiyo akaifanya kwa miongo kadhaa. Kutokana na majaribio yake, ya wanafunzi wake na ya watafiti wengine waliofuata, leo tunajua kwa undani jinsi mdudu mwenye ubongo mdogo sana anavyofika kwake. Naamini mtu yeyote anayetembea porini, awe mfugaji, mrina asali, askari wa misitu au mwanafunzi aliye kwenye ziara ya masomo, anaweza kujifunza mengi kwake. Simu yenye ramani ni msaada mkubwa na sikushauri uiache nyumbani. Ila chaji huisha, na simu huanguka mtoni.

Ukisoma majaribio hayo yote utaona jambo moja likijirudia: sisimizi huifanya kazi ya kurudi wakati anakwenda. Sisi huanza kuiwazia njia ya kurudi pale tu tunapoihitaji, na hapo huwa tumechelewa.

Geuka utazame ulikotoka

Sisimizi kijana haendi kuwinda siku ya kwanza anayotoka tunduni. Kwa siku mbili tatu hufanya matembezi mafupi ya kujifunza kuzunguka mlango, mwanzo kwa umbali wa sentimita chache, kisha anapanua duara. Ukimtazama kwa karibu utaona jambo la ajabu. Anatembea kidogo, anasimama, anajizungusha papo hapo, kisha anatulia kwa muda mfupi sana kichwa chake kikiwa kimeelekea mlangoni. Anasogea tena, anazunguka tena, anatazama nyumbani kutoka upande mwingine. Mlango wenyewe haonekani kuuona, kwani ni kitundu tu ardhini. Anachokariri ni sura ya mazingira kama inavyoonekana mtu akiwa ameelekea kwake. Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi nchini Ugiriki waliubadilisha uga wa sumaku kuzunguka tundu, na sisimizi hao wakageuka kutazama mahali ambapo mlango haupo. Ilibainika kwamba katika mafunzo hayo ya mwanzo wana dira ya sumaku inayowaonyesha nyumbani ni wapi kabla hawajaizoea mandhari.

Chukua hilo kama lilivyo. Njia ya kwenda na njia ya kurudi, kwa macho, ni njia mbili. Mti ulioegemea kushoto wakati wa kwenda utauona umeegemea kulia wakati wa kurudi. Njia panda ambayo ulipokwenda hukuiona hata kidogo, kwa sababu kijia cha pembeni kiliungana na chako kutokea nyuma yako, wakati wa kurudi itakukabili na kukutaka uchague. Watu wengi hupotea hapo hapo. Sisimizi wa Australia, Melophorus bagoti, wanaoishi kati ya mafungu ya nyasi karibu na Alice Springs, wanalionyesha hili waziwazi: kila mmoja ana njia yake ya kwendea na njia nyingine ya kurudia, na kumbukumbu ya moja haimsaidii kwenye nyingine.

Kwa hiyo, kila ufikapo njia panda, kila uvukapo kijito, kila utokapo kwenye msitu na kuingia uwandani, simama. Geuka mwili mzima, si shingo tu. Tazama kwa utulivu kwa muda wa pumzi tatu au nne, kisha jisemee kwa sauti utakachokiona ukirudi: "Nitauona mwamba mkono wa kulia, nami nitashika kijia cha kushoto." Kusema kwa sauti hulazimisha macho kuchagua. Kama una simu piga picha, lakini ipige ukiwa umeelekea ulikotoka. Picha za safari za watu wengi zimeelekea mbele, na hazimsaidii mtu aliyepotea. Ukiwa na watoto, wafundishe hilo kabla ya mengine yote, maana wao hulipenda na hulikumbuka.

Fanya hivyo mara nyingi zaidi karibu na mwanzo. Sisimizi hutumia muda wake mwingi wa kujifunza karibu na mlango, naye yuko sahihi: kosa la mita 20 ukiwa mbali si kitu, lakini gizani, ukiwa umebakiza mita 20 kufika kambini, ni usiku mzima nje.

Chagua alama kubwa

Macho ya sisimizi ni mafungu ya lenzi ndogondogo, na picha yanayompa ni ya ukungu. Haoni jani wala ua. Anaona mahali ardhi inapokutana na mbingu: kichaka cheusi hapa, pengo jeupe pale, mti mrefu upande ule. Mwaka 2009 Paul Graham na Ken Cheng waliwatengenezea sisimizi wa Alice Springs upeo wa bandia kwa kitambaa cheusi kilichofuata umbo la upeo wa kweli. Kitambaa kile hakikuwa na rangi ya majani wala kina, ila umbo tu, na sisimizi walielekea upande ambao umbo lile liliwaonyesha.

Wehner na mwenzake Räber walikuwa wamegundua jambo jingine mwaka 1979. Waliweka mitungi miwili myeusi, tundu likiwa katikati yake. Sisimizi waliozoea hali hiyo walipopelekwa kwenye uwanja mwingine wenye mitungi iliyotenganishwa mara mbili ya umbali wa awali, walikwenda kutafuta karibu na mtungi mmoja au mwingine, si katikati. Mitungi ilipoongezwa ukubwa mara mbili pia, wakarudi kutafuta katikati. Maana yake ni kwamba sisimizi anatunza picha: kitu kinachukua nafasi kubwa kiasi gani machoni na kiko upande gani. Kisha anatembea mpaka anachokiona kilingane na anachokikumbuka.

Wewe una macho bora kuliko yake, na hilo linaweza kukuponza, kwa kuwa unavutiwa na vitu vidogo. Fumba macho nusu mpaka kila kitu kiwe ukungu. Vitakavyobaki, mgongo wa kilima, pengo kati ya miti miwili, mbuyu mmoja uliochomoza, ndizo alama zako. Vitakavyopotea viache. Acha pia chochote kinachoweza kuondoka: ng'ombe, moshi, lori lililoegeshwa, hata rundo la mkaa lililo tayari kupakiwa.

Chukua alama za aina mbili. Ya mbali, kwa mfano kilele cha mlima, haibadiliki sana ukisogea, hivyo hukupa mwelekeo lakini haikuambii umefika. Ya karibu hubadilika haraka kila unapopiga hatua, hivyo hukuambia hasa uko wapi. Ukitaka kuweka kitu mahali na kukirudia, iwe mzinga, mtego wa samaki au pikipiki, tafuta vitu viwili ambavyo kutoka hapo vinaonekana vimesimama mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine, na viwili vingine upande mwingine kabisa. Mahali ambapo mistari hiyo miwili inakutana ni pamoja tu. Wavuvi hutumia mbinu hiyo kuupata mwamba ulio chini ya maji, kwa kulinganisha vitu vya nchi kavu.

Na pale ambapo hakuna alama? Jenga yako. Katikati ya nyanda za chumvi za Tunisia sisimizi hujenga vichuguu virefu juu ya matundu yao, na kingoni, penye vichaka, hawajengi sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba vichuguu vikiondolewa wasafiri wengi hawafiki, na waliobaki tunduni huanza kujenga upya. Watafiti walipoweka mitungi myeusi karibu na tundu, ari hiyo ya kujenga ilipungua. Kwa hiyo funga kitambaa cha rangi kali juu ya kichaka, simamisha tawi, panga mawe matatu. Kiwe juu, kionekane dhidi ya mbingu, na uondoke nacho ukimaliza.

Jua liwe begani

Mwaka 1911 Felix Santschi, daktari Mswisi aliyeishi Kairouan nchini Tunisia, alifanya jaribio rahisi ajabu. Aliwakinga sisimizi waliokuwa wakirudi nyumbani wasilione jua, kisha kwa kioo akawaonyesha jua kutoka upande wa pili. Wakageuka na kwenda kinyume. Baadaye aligundua kwamba hata wakionyeshwa kipande tu cha anga la buluu bila jua, bado hawapotei. Siri ya kipande hicho haikuwa imejulikana. Ni Karl von Frisch aliyeonyesha mwaka 1949, kwa nyuki, kwamba mwanga wa anga una mpangilio ambao macho yetu hayauoni, unaotegemea jua liko wapi. Kingo za juu za macho ya Cataglyphis zina lenzi maalumu zinazopokea mionzi ya urujuanimno na kuusoma mpangilio huo.

Sisi hatuna lenzi hizo, lakini jua tunalo, na linatutosha kuliko tunavyodhani. Mwaka 2009 kundi la Jan Souman, kutoka taasisi ya Max Planck ya Tübingen, lilichapisha matokeo ya kuwatembeza watu katika msitu wa Ujerumani na katika Sahara ya kusini mwa Tunisia, wakiambiwa tu wanyooke. Msituni, siku ya mawingu, walizunguka na kukatiza njia yao wenyewe bila kujua. Jua lilipoonekana, walinyooka. Jangwani, aliyetembea usiku alinyooka mpaka mwezi ulipojificha, kisha akapinda mpaka akawa anaelekea alikotoka. Hao walikuwa watu wazima wenye akili timamu. Usiyaamini maungo yako yanapokuambia "nimenyooka".

Kwa anayeishi karibu na ikweta, kuna kanuni moja rahisi. Ukitoka asubuhi, angalia jua liko bega gani. Ukirudi asubuhi hiyo hiyo, liwe bega la pili. Ukirudi alasiri, liwe bega lile lile la asubuhi, kwa kuwa nawe umegeuka na jua nalo limevuka. Uliyetoka jua likiwa begani kushoto ulikuwa unaelekea kusini. Alasiri unarudi kaskazini, na jua, likiwa magharibi, liko tena kushoto kwako.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. Mwezi wa Juni jua huegemea kaskazini na Desemba huegemea kusini, na kadiri adhuhuri inavyokaribia ndivyo linavyozidi kuegemea. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri usilitegemee bega. Badala yake simamisha kijiti kilichonyooka penye udongo tambarare, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri kama dakika 20, weka ya pili kwenye ncha mpya. Kokoto ya kwanza ni magharibi, ya pili ni mashariki. Hata sisimizi hulazimika kujifunza mwendo wa jua kwa saa, kwa sababu halitembei kwa kasi moja kutoka upande mmoja wa upeo hadi mwingine.

Hesabu hatua

Mwelekeo bila umbali ni nusu ya jibu. Mwaka 2006 Matthias Wittlinger, Wehner na Harald Wolf waliuliza sisimizi anajuaje amekwenda mbali kiasi gani. Waliwazoeza kutembea mita 10 hadi kwenye chakula, kisha wakawagundishia mironjo ya singa za nguruwe miguuni. Wengine waliwafupisha miguu. Wenye mironjo, wakiwa na hatua ndefu zaidi, walipitiliza na kuanza kutafuta tundu kwenye karibu mita 15. Wenye miguu mifupi walisimama kwenye karibu mita 6. Sisimizi wale wale walipotoka nyumbani na miguu yao mipya na kurudi nayo, walifika sawasawa. Walikuwa wakizipima hatua.

Pima zako. Nenda kwenye uwanja wenye njia ya mbio za mita 100, tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga. Rudia mara kadhaa, uandike wastani. Halafu fanya hivyo kwenye kilima na kwenye nyasi ndefu, ukiwa na mzigo, kwa maana hatua hufupika na namba hubadilika. Porini, kila ukimaliza mita 100 sogeza punje moja ya tasbihi au hamisha kokoto kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Usijaribu kuzikumbuka kichwani huku unazungumza na wenzako, haiwezekani.

Hesabu hii ina udhaifu mmoja ambao sisimizi anaudhihirisha vizuri. Ukimbeba kutoka kwenye chakula na kumweka pembeni mita kadhaa, atatembea mwelekeo ule ule na umbali ule ule, kisha ataanza kutafuta tundu mahali ambapo lingekuwa kama asingebebwa. Nawe ukipanda bodaboda katikati ya safari, hesabu imekatika. Mahali uliposhukia ndipo mwanzo mpya: simama, geuka, chukua alama, anza upya kuhesabu.

Kosea kwa makusudi

Mbinu hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Wolf na Wehner waliona kwamba Cataglyphis anayerudia chakula anachokijua halengi chakula chenyewe. Analenga pembeni yake, upande ambao upepo unapeleka harufu, kisha anapoikuta harufu hugeuka na kuifuata dhidi ya upepo mpaka afike. Angelenga katikati na kukosea kidogo upande usio na harufu, angepita bila kujua.

Tuseme kambi yako iko kando ya mto nawe uko kilomita 1 kutoka mtoni. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 10 tu, jambo la kawaida kabisa, utafika mtoni zaidi ya mita 170 kutoka kambini, na hutajua ugeuke kulia au kushoto. Basi usilenge kambi. Lenga mita 300 juu yake kimakusudi. Ukiufikia mto unajua bila shaka kambi iko chini, ushuke na maji. Barabara, reli, laini ya umeme na ufuo wa bahari hufaa vivyo hivyo. Kabla ya kuondoka popote, jiulize ni mstari gani mrefu ulio karibu, na uko upande gani.

Ukiona huelewi ulipo

Tua mzigo. Mwaka 2017 watafiti waliwachunguza sisimizi wa Hispania, Cataglyphis velox, wanaokokota kipande kikubwa cha chakula kinyumenyume. Mara kwa mara mmoja hukiachilia, hugeuka kutazama mbele, kisha hukishika tena na kuendelea kukokota kinyumenyume katika mwelekeo aliourekebisha. Hakubali kuendelea gizani kwa sababu tu ameshika mzigo.

Kisha tafuta kwa utaratibu. Sisimizi asiyeliona tundu pale alipolitarajia hakimbilii mbali. Anatembea mzunguko mdogo na kurudi alipoanzia, anatoka upande mwingine na kurudi, kila mara akipanua kidogo. Na kama safari ilikuwa ndefu, eneo analolitafuta huwa pana zaidi tangu mwanzo. Funga kitambaa mahali uliposimama. Tembea hatua 50 upande mmoja ukiwa unakiona au unakumbuka namba, tazama, rudi. Fanya hivyo pande zote nne, ndipo uongeze hadi 100. Mawingu yakizidi, giza likiingia au ukianza kutetemeka, acha kabisa kutembea na ubaki hapo penye kitambaa.

Anza mazoezi mahali usipoweza kupotea kweli, kwenye shamba la mkonge au la mahindi marefu lililo karibu na nyumbani, ambako kila mstari unafanana na mwingine. Na kabla ya safari yoyote ya kweli, mwambie mtu unaelekea wapi na unatarajia kurudi saa ngapi. Sisimizi akishindwa kuliona tundu lake kwenye chumvi ile, hakuna anayetoka kumtafuta. Wewe watu wako watatoka, mradi wajue waanzie wapi.